Maji ya Wageni wa Kilibula

Mama yangu amelazwa kwa kipindupindu mara mbili, na safari zote nilimbeba mgongoni mpaka barabara kubwa. Kwa hiyo mradi wa utafiti ulipotangaza kwamba unatafuta wanawake wa Kilibula wa kukusanya sampuli za maji nyumba kwa nyumba, nilifika mlangoni kwao kabla mlinzi hajafungua.

Aliyeongoza mradi alikuwa daktari, mtoto wa hapa hapa ziwani, aliyesoma mbali akarudi na miwani mizuri. Siku ya kwanza alitueleza jambo moja ambalo sikulisahau tena: avenyi, yaani mitaa, ambazo maji yake ya kunywa yangekutwa na vimelea vya kipindupindu ndizo zingewekewa robine, bomba la maji. Yetu haina. Sisi tunachota ziwani.

"Karatasi ndiyo itasema, haiko miye," alituambia. Nilimwamini. Alizungumza kama sisi, alikula ndagala pamoja nasi kwa mkono, na alipofika kwetu alivua kofia kabla ya kumsalimia mama.

Kazi niliipenda, siwezi kuficha. Unaingia uani, unasalimia, unasema, "Tunaomba maji yenu ya kunywa." Unajaza chupa mbili. Ya kwanza inaingia katika sanduku la barafu kwenda maabara. Huko wanayachuja maji, na karatasi ya kuchujia wanailaza juu ya sahani yenye rojo la kijani. Kesho yake, kama vimelea vimo, vinaota vidoa vya njano. Ya pili unaipima papo hapo: unatia kidonge, na maji yakigeuka pinki ujue yana klorini, yaani yametiwa dawa. Nilijiona msomi. Nilipita katika avenyi yetu na koti jeupe kwenye jua lile, mabega juu, na wanawake walionicheka tangu utotoni wakawa wananiwekea kiti.

Vidoa vya njano havikuota. Wiki ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna. Vidonge vyangu navyo vikawa vinayageuza maji pinki nyumba baada ya nyumba, katika avenyi isiyojua bomba tangu ianze. Hapo ningepaswa kushtuka. Mimi nikawa nafurahia rangi.

Nilishtuka nilipofika kwa mama. Nilivaa koti langu, nikasema maneno yangu kama nilivyofundishwa. Mama akalipita bidoni kubwa la mlangoni, dumu tunalonywea kila siku, akaingia chumbani kwake na kutoka na bidoni dogo lililofunikwa kitambaa.

"Mama, haiko ile," nikasema. "Ya kunywa."

"Hii ndiyo ya kunywa."

"Ile yenye sisi tunakunywa."

Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Weye unataka nimupatie mugeni maji ya ziwa? Na dokta atasema nini juu yangu?"

Basi nikaelewa. Kwetu, nyumba inayojiheshimu ina maji ya aina mbili. Ya ziwa ni ya wenyewe. Ya robine, yanayobebwa kichwani kutoka karibu na barabara kubwa, ni ya mgeni, ya mkwe, ya padri akipita. Sisi tulibisha hodi na makoti na sanduku la barafu, tungepewa yapi? Hakuna aliyedanganya. Vimelea vilibaki katika mabidoni ya mlangoni, na maabara ikapima adabu za watu.

Nilizaliwa pale. Nimetumwa maji ya wageni tangu nikiwa na meno ya utoto, na bado hilo halikunijia akilini. Nilijichukia siku nzima. Kesho yake nilikwenda kwa daktari nikamweleza yote. Alisikiliza huku akiandika. Alinipongeza, akasema nimeuokoa utafiti, na kwamba tungerudia sampuli zote, safari hii tukiomba maji ya mlangoni. Nilitoka pale miguu ikiwa myepesi.

Hatukurudia kitu. Kwanza vifaa vilikuwa havijafika. Kisha barabara ilikuwa imeharibika kule Katogota na gari limekwama. Kisha hakuniambia tena chochote. Mwezi uliofuata watu wa avenyi waliitwa katika ukumbi wa parokia kusikiliza majibu. Mama alikaa mbele, amevaa kikwembe chake cha Pasaka.

Daktari alionyesha picha ukutani, akasema kwa Kiswahili chetu kabisa, "Maji ya manyumba yenu iko safi. Kolera iko inatoka ku mikono. Tutawafundisha kunawa." Robine zingekwenda kwingine.

Wangesema nini? Wasimame mbele ya majirani na kutangaza kwamba wanakunywa ya ziwa kila siku, na yale yaliyopimwa yalikuwa ya kumpokelea mgeni? Wakapiga makofi. Mama naye alipiga.

Nilimfuata daktari mpaka kwenye gari. "Dokta, nilikuambia."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. "Dada," alisema taratibu, "ripoti ilishatumwa. Nikisema sampuli zilikuwa mubaya, watauliza nani alizichukua. Unataka niseme iko weye?" Kisha akaniuliza hali ya mama.

Nimewahi kutukanwa, nimewahi kuachwa na mwanamume niliyempikia miaka. Hakuna kilichoniuma kama ule upole wake. Mtu wa mbali ningesema hakujua desturi zetu. Huyu alikulia ndani yake. Nina hakika kwao pia kuna bidoni dogo chumbani.

Nilimweleza mama jinsi maji yake mazuri yalivyotunyima robine. Nilikuwa na hasira, nikasema vibaya. Hakujitetea. Alisema, "Basi kosa iko yangu. Nitaenda kuitengeneza."

Asubuhi alikwenda ziwani, akajaza chupa pale pale tunapochota, akaifunga kwa plastiki, akaja nayo kwa miguu mpaka ofisini kwa mradi. Nilikuwa naosha sahani za maabara, kazi niliyobakishiwa baada ya sampuli kuisha, nikamwona kupitia dirishani. Daktari alimpokea nje, akainama, akaishika chupa kwa mikono miwili.

"Aksanti sana, mama. Hii itatusaidia. Tutaipima leo."

Mama aliondoka akitabasamu. Daktari aliingia, akapita mbele yangu, akayamwaga yale maji kwenye sinki na kuniachia chupa kati ya vyombo vichafu. Chupa isiyo na namba si sampuli, hilo hata mimi nalijua. Lakini alinitazama usoni akimwaga, wala hakuona haya.

Niliiosha. Mama amewaambia majirani wote kwamba kosa ameshalitengeneza na robine itakuja. Kila Jumapili tukitoka misani ananiuliza kama majibu yametoka, nami namwambia labo ina kazi nyingi, avumilie. Anavumilia, huku akinywa ya ziwa. Daktari alimdanganya siku moja tu. Mimi, kila Jumapili.