Kuku Wawili wa Mama Nekesa

Mwaka wa 1956, nikiwa na miaka kumi na saba, baba alifariki na kulisha nyumba kukawa kazi yangu. Shule nilikuwa nimefika darasa la pili tu. Mzee Athmani, mwenye duka hapa Nakuru, akanipa mtaji na punda na mkokoteni, ninunue na kuuza mazao. Faida tugawane nusu kwa nusu. Hasara ikija, yeye apoteze pesa zake, mimi nipoteze jasho langu. Mwanangu, hivyo ndivyo Waislamu wa mjini walivyoinuana.

Msimu mmoja nikamkopesha Mama Nekesa, mkulima wa Bahati nje ya mji, gunia moja la mbegu za viazi, anirudishie gunia na nusu. Nikajiona mjanja. Niliamini riba ni ya pesa tu. Mvua ikazidi, viazi vikaoza, na mama akaja dukani na kuku wawili.

"Kuku ni za nini, mama?" Mzee akauliza.

"Ni za huyu kijana yako. Ile nusu gunia ya juu. Gunia yenyewe anipe muda."

Mzee akanigeukia.

"Mimi sikukopesha pesa, mzee. Ni viazi."

"Kwa hivyo Mungu haoni viazi." Hakucheka. "Ungemuuzia kwa bei mkakubaliana, hiyo ni biashara. Ungelima naye, vikioza mmeoza wote, hiyo pia biashara. Wewe umekaa hapa unanenepa, na yeye shamba limeoza. Sasa chagua, ubaki na kuku hawa au ubaki na punda wangu."

Mama alikuwa ameshaondoka, kuku amewaacha. Bila punda, kwetu hakungepikwa. Nikawabeba kuku mpaka Bahati kwa miguu, na njia nzima watu wananiuliza bei.

Mama Nekesa akawaangalia vizuri. "Kwani wako na ugonjwa?"

"Hapana, mama. Nilikukosea mimi. Gunia langu ni moja, na utalileta ukipata."

Maneno hayo yalikuwa magumu kutoa kuliko ile safari. Msimu uliofuata akaleta gunia moja, halikuzidi hata kiazi. Nilishukuru.

Mwanangu, uza, nunua, pata faida bila aibu. Lakini usile faida ya mtu aliyeanguka na wewe umesimama pembeni. Ukitaka kula naye, ingia shambani naye. Mungu akupe riziki ambayo mtoto wako akiuliza imetoka wapi, utamjibu.

Leo nina maduka mawili, ploti moja Bahati, lori moja kuukuu na ng'ombe wanne wa maziwa. Na hakuna mtu Nakuru hii anayebadilisha njia akiniona.