Kiganja cha Chaki

Huyu directrice wa shule moja ya Cimpunda, mikono yake haitoki chaki. Akifurahi anapiga viganja, vumbi nyeupe inapanda, naye anacheka kimyakimya kama mutu mwenye kuficha bonbon kinywani. Masomo yakiisha, haendi kwake moja kwa moja. Anashuka soko, anachutama karibu na masinia ya sambaza, wale samaki wadogo, anasalimia wazazi kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Muzazi mumoja, Maman Aganze, alikuwa anamukimbia, maana mutoto wake hakuwa anafungua kinywa darasani, na aliogopa kuambiwa kwamba atarudilia mwaka. Siku moja directrice akamukamata. "Maman, kila jioni Aganze akusomee. Akikwama, umungojee tu." "Eh, directrice, mimi sikusoma!" "Masikio uko nayo?" "Niko nayo." "Basi uko mwalimu mwenzangu."

Siku ya wazazi, Aganze akasimama na kitabu, na kwenye mustari wa pili akakwama. Wenzake wakaanza kucheka. Directrice akainua ule mukono mweupe, chumba kikanyamaza, lakini hakumusaidia mutoto hata na neno moja. Alimutazama mama tu. Maman Aganze akamubembeleza mutoto wake kutoka kwenye benchi: "Niko nakungoja, papa yangu." Mutoto akavuta pumzi, akasoma mpaka chini ya ukurasa. Vigelegele! Kwa furaha, directrice akamupiga maman mugongoni, alama nyeupe ya kiganja chote ikabaki juu ya kitenge. "Maman, umechafuka mugongo!" watu wakamwambia njiani. "Najua," akajibu, akatembea polepole, wote waone.