Siku Baba Alipokunywa Kombe

Baba yangu alikuwa mpishi, na nyumbani kwetu hakuwahi kuchemsha hata maji ya chai.

Alipika Raskazone, kwa Mzungu mmoja mwenye nyumba inayotazama bahari, na kazi hiyo aliifanya amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Mtaani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, waliheshimu sana kazi yake. Walimwita Mpishi kwa sauti ile ile waliyomwitia mwalimu wa chuo cha Kurani. Palipokuwa na arusi, yeye ndiye aliyesimamia masufuria ya pilau, maana arusini pilau hupikwa na wanaume, nje, kwa makelele na amri nyingi. Lakini akirudi nyumbani alikaa mkekani akangoja mama ampakulie. Chumvi ikizidi alikula akanyamaza.

Mwanamume kupika kwa mshahara ilikuwa kazi, na kupika arusini ilikuwa sifa. Kumpikia mkewe, loo, hapo watu wangeshika vichwa. Hakuna aliyetuandikia sheria hiyo na wala hatukuhitaji kuandikiwa. Mimi mwenyewe, kama ningemwona baba wa mwenzangu amechuchumaa jikoni, ningecheka mpaka nikae chini.

Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa darasa la nne. Wasichana tulioanza pamoja tulijaza madawati mawili ya mbele. Sasa tulibaki wanne. Wengine walivunja ungo wakawekwa ndani, wengine walikwisha chumbiwa. Mwisho wa mwaka kulikuwa na mtihani, na aliyefaulu alikwenda shule ya kati, akalala bweni, akarudi anajua mambo. Ambaye hakuufanya, safari yake iliishia hapo. Niliutaka mtihani ule kuliko nguo ya Idi.

Wiki tatu kabla ya mtihani, mama akajifungua mdogo wangu. Ulikuwa uzazi mgumu. Mkunga alisema mama alale, asiinue hata ndoo, mpaka arobaini ziishe. Kwa desturi angekuja mama yake kumtazama, lakini alikwisha fariki, na dada yake pekee alikuwa ameolewa Pemba, naye ni mja mzito. Upande wa baba alikuwapo bibi, ng'ambo ya mto Pangani, miguu ikimsumbua. Bibi alituma neno kwa dereva wa lori: msichana mkubwa yupo, mnahangaika nini? Aache shule ashike jiko. Hakusema kwa ubaya. Yeye alishika jiko la mama yake akiwa mdogo kuliko mimi, na hakuna aliyemuuliza kama anapenda.

Baba alilipokea neno lile, akamshukuru dereva. Kesho yake alfajiri niliamshwa na harufu ya pilipili manga. Nikatoka uani. Baba alikuwa jikoni, mlango wa ua kaufunga kwa komeo, anakoroga uji wa mzazi.

"Nenda kaoge uende shule," aliniambia bila kugeuka. "Na wakikuuliza, umepika wewe."

Basi ndivyo nilivyoanza kuwa mwongo. Baba alipika alfajiri kabla ya kwenda Raskazone, na alasiri, Mzungu akiwa amelala baada ya chakula cha mchana, alipanda baiskeli akaja kutupikia cha jioni, kisha akarudi. Majirani waliokuja kumtazama mzazi walikaribishwa, wakaonja.

"Mwali huyu ana mkono!" walisema. "Mtoto mdogo namna hii, tui limemkubali hivi!"

Mmoja wao akasema ana mwanawe Korogwe, fundi cherehani, kijana mpole, bado hajapata mchumba. Akanitazama kuanzia utosini mpaka vidoleni. Mama akacheka kwa kujilazimisha. Tulificha mwiko ili niende shule, na sasa mwiko wenyewe ulikuwa unataka kuniozesha.

Siku moja alasiri nilirudi mbio kutoka shule nikasahau kutia komeo mlango wa ua. Mke wa jirani yetu wa mkono wa kulia akaingia na kigae chake kuomba kaa la moto, kama alivyofanya miaka yote. Akamkuta baba amekalia mbuzi ya kukunia nazi, kanzu kaipandisha magotini, machicha yamemjaa mikononi.

"Karibu, shemeji," baba akasema.

Shemeji hakukaribia. Aligeuka na kigae chake kitupu, akasahau hata moto alioujia.

Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa na habari, na habari ilikuwa na jina: limbwata. Yaani mama kamtilia baba dawa chakulani mpaka akili imemlegea. Hakuna aliyejiuliza mwanamke asiyeweza kuinua ndoo ya maji alipata wapi nguvu za kutafuta waganga. Wanaume wa barazani, ambao hakuna arusi hata moja waliyokosa kulamba vidole kwa pilau yake, walimngoja apite.

"Mpishi, leo mama kakupa ruhusa utoke?"

Siku ya kwanza baba alicheka nao. Siku ya pili alipita bila kusimama. Siku ya tatu alizunguka njia ya nyuma, yeye na baiskeli yake, kwenye matope.

Nami nitasema kweli, ingawa inaniuma mpaka leo: nilimwonea aibu baba yangu. Nilimwendea jikoni akiosha mchele, nikamwambia, "Baba, basi niache tu shule. Nitapika mimi."

Akaniuliza, "Unataka kuacha?"

Nikasema sitaki, nikaanza kulia.

"Basi usiseme usilolitaka," akasema, akaendelea kuosha mchele wake.

Siku nne kabla ya mtihani, bibi akafika. Kavuka mto kwa pantoni na miguu yake mibovu, kapanda lori mpaka Tanga, mkononi ana kikapu, na ndani ya kikapu chupa iliyovirigwa kitambaa cheupe. Wanawake wa mtaa walijaa uani kwetu, ati wamekuja kumpa pole ya safari. Pole gani ile! Walikuja kuona.

Mama akajiinua kitandani kwa shida, mlango ukiwa wazi, akasema, "Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia. Alipita akaweka kikapu chini kana kwamba chumbani hakuna mtu. Sijapata kuona mama yangu akiwa mdogo vile. Alirudi akalala, akajifunika kanga usoni.

Ndani ya chupa mlikuwa na kombe. Mwalimu mmoja wa Pangani, ambaye watu walimwendea kutoka mbali, aliandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaziosha kwa marashi, maji yale yakatiwa chupani. Bibi aliiinua wote waione.

"Hakuna uchawi uliopata kusimama mbele ya kombe hili," akatangaza. "Likishapita kooni, kama mtu ana lake mwilini, litatoka. Na akishapona, kapona. Haya ni maneno ya Mungu, si ya mtu."

"Amina," wanawake wakaitikia.

Baba akaja kutoka Raskazone, akakuta ua umejaa. Akaegemeza baiskeli ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapa unywe."

Nilikuwa mlangoni mwa jiko na daftari langu. Niliona tumekwisha. Akinywa, amekubali mbele ya mtaa kwamba mama kamroga. Akikataa, ndiyo kabisa, maana aliyerogwa siku zote hukataa dawa. Ningewekwa jikoni siku ile ile, na mama angeishi na jina lile mpaka kaburini.

Baba aliipokea chupa kwa mikono miwili. Akasema bismillahi, akanywa. Hakunywa kwa kuonja, alinywa mpaka ikawa tupu. Kisha akaomba maji kidogo, akasuuza chupa, akayanywa na hayo, akasema baraka haimwagwi. Akakaa. Sote tukangoja. Mwanamke mmoja akanong'ona, "Subirini, halianzi mara moja."

Bibi akamwinamia. "Wajionaje, mwanangu?"

"Mzima, mama, alhamdulillahi. Nina njaa tu."

Hapo akainuka. Akavua kanzu akaitundika msumarini, akabaki na shuka na fulana. Akaingia jikoni, akatoka na mbuzi, akaiweka katikati ya ua, pale pale mbele ya macho yote yale. Akapasua nazi kwa pigo moja, akakalia mbuzi, akaanza kukuna.

"Mwanangu!" bibi akapiga kelele. "Wafanya nini?"

"Nakuna nazi, mama." Sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa. "Mke wangu ni mzazi, hawezi. Binti yangu ana mtihani Jumatatu. Kombe nimelinywa lote na hawa wote wameona. Kama nilikuwa nimerogwa, sasa nimepona. Haya nayafanya kwa akili zangu mwenyewe."

Mkono wa baba tu ndio uliosikika ukizungusha kifuu.

Nilimtazama bibi, nikaona jambo linavyomzunguka kichwani. Akisema mwanawe bado amerogwa, basi kombe limeshindwa. Na nani aseme kombe limeshindwa? Si yeye, aliyeinua chupa mbele ya mashahidi dakika chache tu zilizopita na kuapa kwamba halishindwi. Aliitazama chupa. Akawatazama wanawake. Akaitazama nazi.

"Mwanangu mzima," akasema taratibu. Kisha akawageukia wengine, sauti imempanda. "Mmesikia? Mwanangu mzima wa akili! Atakayesema vingine huko nje hanishuku mimi, anashuku maneno ya Mungu, naye atajibu mwenyewe!"

Mwenye mwana wa Korogwe akaangalia chini. Shemeji wa kigae akakumbuka kwamba ana chungu motoni.

Bibi akajikokota na miguu yake mpaka chumbani. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaivuta ile kanga polepole kutoka usoni mwa mama.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Sikuweza kujizuia. Nilipiga kigelegele, peke yangu, mtoto mdogo, bila adabu wala ruhusa. Baba akiwa juu ya mbuzi akacheka mpaka nazi ikamtoka mkononi, na mama naye akacheka, akashika tumbo kwa maumivu, akacheka tena.

Bibi alibaki nasi mpaka baada ya mtihani. Alikaa kwenye kigoda akimsahihisha baba kila hatua, tui hili zito, moto huu mkali, kisha akala sahani mbili. Barazani maneno yaliisha. Nani angethubutu? Juma la pili, mmoja wa wale wachekaji wakubwa alimvuta baba pembeni akamuuliza kwa kunong'ona uji wa mzazi unatiwa pilipili manga kiasi gani, maana mkewe alikuwa amekaribia kujifungua. Baba alimweleza yote bila kumcheka. Mimi ningemcheka.

Jumatatu ile niliingia kwenye mtihani nimeshiba vitumbua vya baba, na majibu yalipotoka jina langu lilisomwa. Nilikimbia kutoka shule mpaka Raskazone, jua la saa saba, mpaka mlango wa jikoni kwa Mzungu, mahali ambapo sikuruhusiwa kufika. Baba alikuwa na unga mpaka viwikoni.

"Nimefaulu," nikamwambia.

Akakaa kwenye ngazi. Akasema alhamdulillahi mara tatu, akanishika uso kwa mikono ile ile ya unga. Nimeolewa, nimezaa, nimefundisha watoto wa watu miaka mingi, lakini sijapata kufurahi kama nilivyofurahi nikirudi Ngamiani siku ile na unga mashavuni. Sikuufuta. Niliutembeza mtaa mzima.

Kabla sijaenda shule ya kati, baba alinivusha mto Pangani kwenda kumuaga bibi. Tulimkuta barazani kwake na wenzake, na tukasikia hadithi yetu kabla hata hatujakaa.

"Nilimwambia mwanangu, shika mwiko, mtoto asome," bibi alikuwa anasema. "Mwanzo aliona haya, wanaume mnawajua. Nikamlazimisha."

Nikafungua kinywa. Baba akanikanyaga mguu.

"Kweli, mama," akasema, uso mkavu. "Ulinilazimisha."

Pembeni alikaa bibi mmoja mkimya. Nyuma ya mlango wa nyumba yake, upande wa pili wa njia, msichana wa rika langu alikuwa anatuchungulia. Nilimjua. Alitolewa shule mwaka ule ule ili awatunze wadogo zake.

"Kumbe ndiyo desturi siku hizi?" bibi yule akauliza. "Baba kupika, mtoto akasoma?"

"Ndiyo desturi," bibi yangu akajibu bila kupepesa jicho. "Tangu zamani."

Yule bibi akafikiri kidogo, akageuza kichwa, akaita ng'ambo ya njia: "Wewe mtoto! Vitabu vyako viko wapi?"