Chumba cha Miguu Minne

"Tulisema wawili, Tupokigwe. Wawili! Asubuhi hii nimehesabu miguu sita humu ndani, na minne tu ndiyo inayolipa kodi."

Yusta alikuwa amesimama mlangoni, kopo tupu la mkaa mkononi, sauti yake ikivuka uwanja mpaka kwenye kamba za nguo za majirani. Ndani, Tupokigwe alikuwa anakunja godoro alilolalia chini. Kitanda alikuwa amemwachia shangazi yake, bibi Anyitike, aliyefika jana akitokea hospitali, jicho moja limezibwa kwa pamba na plasta.

"Dada Yusta, ni siku chache tu. Jicho limepasuliwa, Jumatatu wanaliangalia, anarudi zake Rungwe. Ningempeleka wapi?"

"Na mkaa? Kopo zima la mkaa wangu limeishia kwenye ndizi!"

"Nitaurudisha."

"Mkaa haurudi, mwanangu. Yanarudi majivu."

Bibi hakujua Kiswahili kingi, lakini ugomvi hauhitaji mkalimani. Alivuta kanga akafunika miguu yake, kana kwamba miguu isiyoonekana haihesabiwi.

Usimwone Yusta mchoyo tu. Alikuwa Mhehe, amezaliwa Ilula, upande wa Iringa, akakulia kwenye nyanya na vitunguu. Mumewe, Philbert, alikwenda Makongolosi kutafuta dhahabu, na kweli akaipata: ilikuwa na miguu miwili na imesuka rasta. Yusta alimfuata mpaka Mbeya mjini. Hapo akapewa habari kamili, akaona nauli ya kwenda kugombea mwanamume ni heri aongezee kwenye gunia la vitunguu. Akatandika biashara sokoni Mwanjelwa.

Kuuza aliweza. Kulala ndiko kulikomshinda. Madalali wa vyumba walimzungusha mtaa mzima wa Ilomba, kila mmoja akidai hela ya kuonyesha, hata kama alichoonyesha ni banda la kuku lililopakwa chokaa. Wenye nyumba walitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Wakisikia yuko peke yake wanauliza mume yuko wapi, utadhani mume ndiye anayeziba upepo dirishani. Basi akawa analala kwenye stoo ya mama lishe mmoja pale sokoni, katikati ya magunia ya mchele, na panya wenye adabu kuliko madalali.

Mama yake huko Ilula alikuwa anaumwa miguu. Yusta kila akipiga simu alimwambia, "Mama, nikipata chumba nakuleta utibiwe huku." Mama alijibu, "Sawa, mwanangu. Mimi nipo." Mara mvua zikaisha, mahindi yakavunwa, na mama hakungoja chumba. Wamekwisha kumzika ndipo Tupokigwe, fundi cherehani wa pale pale sokoni, alipomwambia Yusta kwamba mwenzake wa chumba ameolewa na kodi inamwelemea. Wakafunga pazia katikati. Kila mtu na upande wake, kila mtu na mkaa wake.

Mwenye nyumba, Mama Sifaeli, Mbena wa Njombe, alikuwa na sheria aliyoirudia kuliko sala: nyumba yake si gesti, choo kinajaa. Mgeni wa kulala ni mzazi tu, na mara moja kwa mwaka. Ukikutwa na mwingine unafungasha siku hiyo hiyo, na mwenzako anayebaki abebe kodi nzima. Tupokigwe mama yake mzazi alishakuja mwezi wa pili. Tupokigwe akifukuzwa, Yusta anarudi kwa panya. Hicho ndicho kilichomuuma. Ndivyo alivyojiambia.

Na kelele zake mwenyewe ndizo zilizomleta Mama Sifaeli.

"Kuna nini humu? Na huyu ni nani?"

Tupokigwe alizidi kukunja godoro lililokwisha kukunjwa. Mama wa pili angemtoa wapi? Jibu alikuwa nalo Yusta, tena la kweli: ni mgeni wake, mimi nilimkataza. Maneno yalishafika kwenye meno. Lakini macho yakamtangulia, yakaenda kwenye ile miguu. Kanga ilikuwa fupi. Vidole vilichungulia, vimevimba, kisigino kimepasuka kama udongo wa shamba la vitunguu wakati wa kiangazi. Aliijua miguu ya namna hiyo. Aliikanda tangu akiwa msichana.

"Ni mama yangu," alisema Yusta. "Kaja kutibiwa jicho, Jumatatu wanaliangalia."

Mama Sifaeli aliingia ndani. Kisha akainama kwa mgonjwa na kumsalimu kwa salamu ya kwao, ambayo ni ya Wahehe pia. "Kamwene, mama!"

Jasho lilimtambaa Yusta mgongoni, na mwezi wa sita Mbeya hakuna mtu anayetoka jasho. Bibi wa Kinyakyusa ataitikiaje? Bibi Anyitike aliupokea mkono wa mwenye nyumba kwa mikono yake miwili, akalirudisha neno lile lile polepole, kwa heshima. "Kamwene." Bahati yao, huitikiwa hivyo hivyo.

Mama Sifaeli aliliangalia sufuria la ndizi pale chini. "Mama yako Mhehe, mbona anakula ndizi kama Mnyakyusa wa Tukuyu?"

"Amezeeka. Anakula kinachotafunika."

"Haya. Mzazi ni mzazi. Jumatatu ikipita nisimkute. Na wewe Yusta, punguza hiyo sauti. Mtu hamhesabii mama yake miguu."

Akaondoka. Tupokigwe alikaa chini juu ya godoro kama gunia lililofunguliwa kamba.

Sasa, uongo ukishausema uwanjani, lazima uutumikie. Kila asubuhi, Mama Sifaeli akiwa kibarazani kwake, Yusta alichemsha maji, akamshika bibi mkono mpaka bafuni, akimwita "mama" kwa sauti ya kusikika. Jumapili Mama Sifaeli alikwenda kanisani mapema. Hakukuwa na wa kuonyeshwa. Yusta alichemsha maji vile vile, na siku hiyo aliikanda ile miguu.

Jumatatu jicho likafunguliwa, zima. Bibi alimtazama Yusta kwa macho yote mawili, akasema, "Ndaga, mwanangu," asante ya kwao, akapanda gari la Tukuyu kurudi kwake Rungwe.

Jioni Tupokigwe alipitisha kopo chini ya pazia. Lilijaa mkaa mgumu mpaka unamwagika.

"Dada, deni lako."

"Deni gani?"

"Mkaa niliompikia shangazi."

"Shangazi yupi?" alisema Yusta, akilisukuma kopo kwa mguu lirudi lilikotoka. "Ule mkaa alipikiwa mama yangu. Umeona wapi mtu akadai mkaa aliopikiwa mama yake? Liondoe hapa, linanichafulia upande wangu."