Vikombe Viwili vya Maziwa

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nisipoanza kwa kusema hivyo mtadhani nilipokea matokeo ya ule mtihani kwa upole. Upole wapi! Nilitoka wodi ya watoto, nikaingia choo cha wafanyakazi, nikaupiga mlango teke, kisha nikalia. Nilikuwa muuguzi wa miaka mingi, mama wa watoto watatu, mwanafunzi wa uzamili wa uuguzi na lishe ya wagonjwa hapa Eldoret, na nilikuwa nimeangushwa kwa sababu ya funda moja la maziwa. Mtihani wa wodini ulikuwa na nafasi mbili tu. Ukianguka ya pili, unafungasha vitabu na kurudi nyumbani.

Ili mnielewe, lazima nirudi nyuma hadi ule wakati wa fujo za baada ya uchaguzi. Nilikuwa na diploma tu, nikapelekwa kuhudumia kambi ya watu waliochomewa nyumba. Sitaki kupamba maneno. Baadhi ya waliowasha ule moto walikuwa wanaongea lugha ya mama yangu. Akina mama kambini walikuwa wakisoma jina langu kwenye beji, wakajua natoka upande gani, na nikisogea na sufuria ya uji wanawafunika watoto na leso. Kulikuwa na uvumi kwamba uji umetiwa sumu.

"Ai! Kwani mimi ni mchawi?" nilimfokea mmoja wao siku ya kwanza. Alimvuta tu mtoto wake karibu zaidi.

Nikasimama pale na kikombe mkononi, nikamkumbuka mama yangu. Kwetu Kapseret mgeni hapewi maziwa hivi hivi. Mwenye nyumba anamimina, anakunywa kidogo mbele yako, ndipo anakukabidhi kikombe. Basi nikainua ule uji nikanywa, nikameza huku namtazama machoni. Alingoja kidogo, halafu akanyoosha mkono.

Tangu siku hiyo nilionja kila kikombe, hema baada ya hema. Ikifika saa sita mchana nilikuwa nimeshiba ndi. Wenzangu walinicheka: "Sista, wewe ni muuguzi ama umekuja kula chakula ya watu?" Nilinenepa katika kambi ya njaa, aibu gani hiyo. Lakini watoto walikula, na mpaka leo najivunia hilo kuliko cheti chochote.

Kuna mmoja tu ambaye sijivunii. Alikuwa msichana mdogo, mifupa mitupu, aliyekaa siku nyingi bila chakula kabla ya kufika kwetu. Mama yake aliponikubali nilifurahi sana, nikampa mtoto kikombe, nikaongeza cha pili, na cha tatu. Asubuhi yake nilikuta amefariki. Hakuna aliyeniambia kwa nini, na mimi nilidhani alikuwa amechelewa tu kuletwa.

Nilikuja kujua miaka mingi baadaye, darasani. Mwalimu alichora ubaoni kinachotokea mwili uliozoea njaa unapojazwa chakula kwa ghafla: chumvi za damu zinashuka mbio na moyo unashindwa. Mtoto kama huyo analishwa kidogo kidogo, kwa kipimo, kila baada ya saa chache, hata akilia anataka zaidi. Nikaacha kuandika. Vijana niliosoma nao, ambao waliniita Mathe, yaani mama, waliuliza kama naumwa. Nikawaambia ni macho. Mungu wangu, nilikuwa nimemuua kwa wema.

Kwa hiyo ile digrii kwangu haikuwa pambo la ukutani. Nilitaka kuimaliza ili muuguzi yeyote kuanzia Soy hadi Cheptiret asifanye nilichofanya mimi. Nilisoma kama mtu anayedaiwa roho. Hesabu za kupima maziwa ya tiba kwa uzito wa mtoto nilizijua mpaka wale vijana wenye simu kubwa wakawa wananiuliza mimi.

Halafu ikaja siku ya wodini. Mtahini alikuwa Profesa wetu, mama mrefu kutoka upande wa ziwani, ambaye hakuwahi kumpa mtu alama ya huruma. Nilipima maziwa, nikachanganya, nikaeleza kila hatua. Nikamgeukia mama wa mtoto. Akasoma beji yangu. Akamgeuza mtoto uso.

Haki ya nani, sikufikiria. Mkono wenyewe ulipeleka kikombe mdomoni nikaonja.

"Simama hapo hapo," Profesa akasema. "Umefanya nini?"

"Nimeonja, Profesa."

"Kikombe cha mgonjwa? Mtoto asiye na kinga mwilini?"

Maziwa yakamwagwa. Mwanafunzi mwingine akatengeneza mengine, safi kabisa, na yule mama akafunga midomo ya mtoto kwa kiganja. "Aonje huyo," akasema, akininyooshea kidole. Ilichukua muda mrefu kumbembeleza, na mimi sikuruhusiwa hata kusogea. Profesa aliandika kwamba nimeanguka.

Nilipomaliza kulia chooni, hasira zikanipeleka moja kwa moja hadi ofisini kwake.

"Profesa, wewe unajua mwili wa mtoto. Lakini mtoto halishwi na daktari, analishwa na mama yake. Na huyo mama ananiogopa!"

"Na wewe unajua mdomo wa mtu mzima una nini ndani?"

"Najua."

"Basi wewe unajua nusu yako na mimi najua nusu yangu. Nenda ukatafute njia ambayo mama ataamini na mtoto hataambukizwa. Ukiweka tena mdomo kwenye kikombe cha mtoto, tutaagana."

Jambo baya zaidi ni kwamba alikuwa sahihi, na mimi huwa nachukia sana mtu akiwa sahihi mbele yangu.

Mtihani wa pili nilipewa mtoto mwingine na mama mwingine. Nilichanganya maziwa kwenye jagi. Nikapima ya mtoto kwenye kikombe safi, nikakifunika. Kisha, kutoka jagi lile lile, nikamimina kidogo kwenye kikombe cha pili, nikakinywa mbele ya mama mpaka mwisho. Nikanawa mikono upya, ndipo nikamkabidhi cha kwanza.

Kalamu ya Profesa ikasimama. "Hicho cha pili ni cha nini?"

Kabla sijafungua mdomo, yule mama akanijibia: "Ni cha kunikaribisha." Na akaanza kumnywesha mtoto, polepole, kama nilivyomwonyesha.

Profesa aliandika kwa muda mrefu. Nilipita. Wiki hiyo hiyo aliniomba niwafundishe wanafunzi wengine jinsi ya kutumia vikombe viwili, na nikawafundisha nikiwa nimenyoosha shingo, wacha niseme ukweli.

Siku ya kufuzu tulifanya sherehe nyumbani Kapseret. Nilimwalika Profesa kwa heshima tu, sikudhani angekuja. Akaja, amevaa vizuri, akaketi mbele na wazee. Mama yangu akatoka na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, akamimina kikombe kikajaa. Mimi nikiwa upande wa pili wa hema, nikaona kinachokuja.

"Mama!" niliita. Hakunisikia. Alionja, akajifuta mdomo, akampa Profesa kikombe kile kile.

Profesa akakishika. Akakiangalia pale ukingoni palipolowa, kisha akanitafuta kwa macho kati ya watu wote wale. Halafu akainua kikombe akanywa chote.

"Mama," akasema, akimrudishia, "kumbe huyu alisomea hapa."

"Kusomea nini?" mama akauliza. "Si hivi ndivyo watu hupewa maziwa?" Akamwongezea, na kabla ya kumkabidhi akaonja tena.