Moto usio na sufuria

Leo nimewasha kuni jikoni na sikuweka sufuria juu yake.

Msinicheke bado.

Tangu tujengewe mtambo wa gesi ya kinyesi cha ng'ombe hapa Sori, sinunui mafuta ya taa wala sitafuti kuni. Nafungua koki, napiga kiberiti, uji unachemka. Moshi hakuna.

Lakini zamani majirani wakiona moshi juu ya paa langu, walikuja na kigae kuomba kaa la moto. Na huwezi kuomba moto uondoke bila kupiga stori.

Gesi haichotwi kwa kigae, yawa!

Watoto wako shule ya bweni, mzee wangu yuko kazini Nairobi. Hata betri za redio zimekufa, nimezianika juani.

Basi leo nimewasha kuni mbichi makusudi. Moshi ukapanda!

Mara hodi. Jirani yangu Mama Akinyi, kigae mkononi.

Akaona ugali kwenye gesi. Akaona kuni zinawaka bure.

Akavuta kigoda, akaketi.

"Zima hizo kuni, zinatuumiza macho," akasema. "Hata mimi kiberiti ninacho nyumbani."