Mwalimu Akodingi na Ushahidi wa Mkwewe

Mwalimu Ridha Suud wa Mtambile alikuwa na Kiingereza kizuri sana, ila kilikuwa cha kazi moja tu, nayo ni kutanguliza ushahidi. Chai kwa Kiingereza hakuweza kuagiza bila jasho. Simu ikilia, akasikia sauti ya kigeni, alikuwa akimpa mkewe aseme “rongi namba”. Lakini mpe kalamu na mada, au msimamishe mbele ya watu na umwambie athibitishe jambo, hapo ungemuona anavyotanuka kifua. “According to,” angeanza, yaani kwa mujibu wa. Kisha “Research has shown that,” utafiti umeonesha kwamba. Na akitaka kuua kabisa, “As evidenced by,” kama inavyothibitishwa na. Baada ya hapo kilichokuwa kikifuata hakikumhangaisha. Yeye aliona kazi imekwisha, kama mtu aliyefungua mlango kwa heshima zote, akasahau kuwa ndani hamna mgeni wala kiti.

Maneno hayo aliyapata chuo cha ualimu. Palikuwa na mkufunzi mmoja ambaye insha ya mwanafunzi akiisoma alikuwa anatafuta maneno hayo tu, kama mtu anayechambua mchele akitafuta chuya. Akiyaona, alama. Asipoyaona, alizungusha duara jekundu na kuandika alama ya kuuliza kubwa kama ndoana ya papa. Ridha, mtoto wa shamba ambaye Kiingereza kilimkwama kooni kama mwiba wa chewa, aliyameza yote kwa moyo, kama alivyomeza juzuu ya Amma chuo cha Kurani alipokuwa mdogo. Akafaulu. Tangu siku hiyo akaamini kwamba elimu ni hiyo.

Mambo yake mengine yalikuwa ya kawaida. Alisomesha skuli moja ya pembezoni, alikuwa na mke, Bi Wafa, na kipikipiki kilichokuwa kikiwaka siku za ukame tu. Siku moja mtalii aliyekuwa akiendesha baskeli alimsimamisha njiani akamuuliza barabara ya Mkoani. Ridha akanyoosha mkono na kusema kwa sauti ya mwenye elimu, “It is widely acknowledged that Mkoani is there.” Inakubalika na watu wengi kwamba Mkoani iko kule. Mtalii akamtazama kwa muda, akashukuru, akaenda. Ridha alirudi nyumbani na furaha yake, akamhadithia mkewe.

“Na wasiokubali wao huipata wapi hiyo Mkoani?” aliuliza Bi Wafa, huku akikuna nazi.

Ridha alicheka kwa adabu tu. Maana ya neno lile ilimfikia baadaye sana, na ilipomfikia alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Basi mwaka huo yakaanzishwa mashindano ya midahalo kwa Kiingereza baina ya skuli, na Ridha akafanywa mlezi wa timu. Mkuu wa skuli hakuwa na mtu mwingine, maana walimu wengine wote walipoulizwa waliumwa ghafla. Ridha akachagua wasichana wawili, Ruweida na Khairat, wenye sauti na wasio na haya. Mada ikaja: karafuu zina faida zaidi kwa watu wa Pemba kuliko mwani. Wao wakapangiwa upande wa karafuu.

“Tumeshashinda,” Ridha aliwaambia. “Nani asiyejua karafuu?”

“Lakini, Mwalimu, tutasema nini?” Khairat aliuliza.

“Mtasema kilichothibitishwa.”

Akawaandikia ubaoni yale maneno yake, moja baada ya moja, akawafundisha mkao wa mkono, mahali pa kunyamaza, na mahali pa kumkazia jaji macho. Walifanya mazoezi mpaka wapishi wa skuli wakajua. Ukipita jikoni ungesikia, “According to research, maharage bado hayajaiva.” Watoto wa madarasa ya chini ndio waliompa Mwalimu jina la Akodingi, na yeye, Mungu amsamehe, alidhani ni la heshima.

Siku ya mdahalo ukumbi ulijaa. Wapinzani walitoka skuli ya upande wa mashariki, wakiongozwa na mwalimu kijana, Mwalimu Tamima, mwanamke mkimya aliyevaa baibui safi na viatu vya matope. Jaji alikuwa Bwana Abrahman, mwalimu mstaafu, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Ridha alivaa koti lililomkaa vizuri siku ya harusi yake.

Ruweida alisimama akaanza, na kwa kweli alikuwa mzuri kama redio. Utafiti umeonesha kwamba karafuu ni uti wa mgongo. Inakubalika na watu wengi kwamba mwani ni kazi ya msimu. Kwa mujibu wa wataalamu, hakuna cha kulinganishwa. Ukumbi ukapiga makofi, na Ridha akajiona anachukuliwa na kila kofi, kama mtu anayepandishwa kidogo kidogo juu ya mnazi.

Upande wa pili akainuka msichana mwembamba, jina lake Rahila. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, kifupi, kama pesa za sarafu.

“Which research?” aliuliza.

Ruweida akarudia. “Research,” alisema.

“Which one? Who did it?”

Utafiti upi, na kaufanya nani. Maswali hayo Ruweida hakufundishwa. Akageuka, tena kwa adabu kabisa, akamtazama mwalimu wake na kumuuliza kwa Kiswahili, mbele ya ukumbi mzima, “Mwalimu, utafiti upi?”

Bwana Abrahman akavua miwani. “Kanuni hairuhusu,” alisema, “lakini na mimi nataka kujua. Mwalimu Ridha, tafadhali tusaidie.”

Ridha akasimama. Akafunga kifungo cha koti, kikakatika, kikadunda sakafuni mpaka chini ya meza ya jaji. “It is widely acknowledged,” alianza.

“Na nani?” aliuliza Bwana Abrahman.

“By the people.”

“Watu gani?”

“All people.”

Kicheko cha kwanza kilitoka nyuma, kule walikokaa madereva waliowaleta wanafunzi. Ridha akajaribu lile kubwa, la kuulia. “As evidenced by,” alisema, akangoja, kama alivyozoea, neno lililofuata lije lenyewe. Halikuja. “As evidenced by,” alirudia, na akili yake, iliyokuwa ikikimbia huku na huku kama kuku aliyeona mwewe, ikashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu. “As evidenced by my father-in-law!”

Kama inavyothibitishwa na baba mkwe wangu. Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu Tamima aliinama akajifanya anafunga kiatu, na kiatu chake hakikuwa na kamba.

“Mkweo ana mikarafuu?” jaji aliuliza, naye akijizuia.

“Anayo.”

“Mingapi?”

Ridha hakujua. Alikuwa akila chakula cha mzee yule tangu aoe, akapita chini ya mikarafuu ile kila Idi, na hakujua.

Njiani kurudi, baada ya kushindwa, wasichana wawili walitazama miguu yao tu, na hilo lilimuuma kuliko kicheko. Alijiambia: Ridha, we debe. Tena si debe tu, debe lililopakwa rangi. Akatazama ukingo wa koti lake pale palipokuwa na kifungo, na akashindwa kujizuia. Alicheka. Ruweida akamtazama kwa woga, halafu na yeye akacheka, na Khairat akafuatia.

“Mwalimu,” Khairat alisema akifuta macho, “all people!”

“Nyamaza, mwanangu. Nilikuwa nazama.”

Habari zilimtangulia nyumbani. Mtu alikuwa ameshachukua video, na Bi Wafa alikuwa ameiona mara nyingi kiasi kwamba aliweza kuiga hata mdundo wa kile kifungo.

“Baba amepiga simu,” alimwambia mumewe. “Auliza, umemtaja kwa wema au kwa ubaya?”

“Ukamwambiaje?”

“Nikamwambia umemtaja kwa Kizungu.”

Asubuhi ya pili yake Ridha alikuwa darasani alipoona vichwa vya watoto vinageukia mlangoni. Mzee Masika, baba mkwe wake, alikuwa amesimama pale na kanzu iliyopigwa pasi, kofia ya kiua na bakora.

“Asalaam alaykum.”

“Waalaykum salaam, baba. Karibu. Kheri?”

“Kheri. N'sikia miye ni ushahidi,” alisema Mzee Masika. “Basi nimekuja.”

Ridha akatamani sakafu ifunguke. Lakini mkwe hafukuzwi, na zaidi ya hapo wasichana wake wawili walikuwa wameshasimama kumpisha kiti. Akampeleka mbele. Mzee akakaa, akaweka bakora baina ya magoti na kulitazama darasa.

“Haya, niulizeni.”

Ruweida akamuuliza ana mikarafuu mingapi. Mzee akataja ile aliyopanda baba yake, ile aliyopanda yeye, na ile iliyokufa, akahuzunikia iliyokufa kila mmoja peke yake kama maiti. Khairat akamuuliza faida yake. Mzee akaeleza mwaka mti ulipokubali, jinsi nyumba ilivyojaa wachumaji, majamvi yakajaa uani mpaka mtu hana pa kukanyaga, na harufu ikaingia hata kwenye maji ya kunywa. Mwaka huo ndio alioezeka nyumba mabati. Ridha akamtazama kwa shukrani. Huu ndio ushahidi, alijiambia, mtamu kama tende.

“Na mwaka ambao haukukubali?” Ruweida aliuliza.

Ridha alitaka kumkonyeza anyamaze. Alichelewa.

“Ah,” Mzee alisema. “Mti ukigoma umegoma. Mwaka juzi uligoma, mwaka jana ukatoa kidogo, wa kuonja. Hapo twala mwani wa mama yenu.”

“Mwani?”

“Bi Mwanaasha. Mke wangu. Ndo alotuletea kyakula miaka ile. Hebu mwandike naye.”

Darasa zima likamgeukia Mwalimu wao. Shahidi wake wa kwanza, wa pekee, aliyekuja kwa miguu yake mwenyewe na kanzu iliyopigwa pasi, alikuwa amehamia upande wa pili. Ridha akashika chaki, akaiweka, akaishika tena.

“Tumwandike?” Ruweida aliuliza.

Ilikuwa rahisi kusema hapana. Kwa kanuni ya mashindano, mdahalo wa marudiano na skuli ileile ulikuwa umeshapangwa, na upande wao ulikuwa uleule. Lakini alimwona Mzee anavyosubiri, kwa imani kamili kwamba skuli ni mahali panapoandikwa kweli, akaona haya.

“Mwandikeni,” alisema.

Basi bamvua ilipofika, maji yakapwa hadi mbali, Ridha akawapeleka wasichana pwani kwa Bi Mwanaasha. Yeye mwenyewe hakuthubutu kumkabili mama mkwe na maswali. Alisimama pembeni kwenye tope, suruali imekunjwa, akitazama upande mwingine kama heshima inavyotaka, na kuwaachia wasichana waulize. Bi Mwanaasha aliwajibu akiwa ameinama, mikono ikifunga vipande vya mwani kwenye kamba, bila kuinua kichwa. Aliwaambia mwani nao hufa maji yakipata moto. Aliwaambia mgongo unavyouma. Aliwaambia pia kwamba mume wake akipata karafuu hutoa mara moja kingi, na yeye hutoa kidogo kidogo, na nyumba inahitaji vyote viwili.

“Na huyo mwalimu wenu,” alimalizia, sauti ikapanda kidogo ili ifike pembeni, “mwambieni huku pwani hakusimamwi bure. Lile gunia lapelekwa juu.”

Ridha akalibeba. Lilikuwa la maji, likamchuruzikia shingoni mpaka ndani ya shati, na nyuma yake akasikia wasichana wakinong'onezana kwa Kiingereza kwamba Mwalimu sasa amethibitishwa.

Siku ya marudiano Mzee Masika na Bi Mwanaasha walikuja, wakakaa safu ya mbele. Ruweida akasimama. “According to Mzee Masika, a clove farmer,” alianza.

Mzee aliposikia jina lake akainuka, akaweka mkono kifuani, akawasalimia watu wote. Ukumbi ukamjibu salamu. Bwana Abrahman akangoja mpaka akae. Ruweida akaendelea, akasema mwaka wa mabati, akasema na mwaka wa kugoma, bila kuficha. Kila alipofika kwenye jina, Mzee aliinuka tena, na mara ya mwisho alimvuta Bi Mwanaasha naye ainuke, Bi Mwanaasha akakataa, akajifunika uso kwa ushungi huku akicheka. Rahila alipouliza “Who said this?” Ruweida hakugeuka nyuma. Alinyoosha mkono tu, safu ya mbele.

Walishindwa. Si vibaya, lakini walishindwa, maana nusu ya ushahidi wao ilikuwa ya wapinzani. Bwana Abrahman alipotangaza, alisema kwamba timu iliyoshindwa ndiyo aliyoiamini zaidi. Mwalimu Tamima akaja kumpa Ridha hongera, na Ridha akajibu kwa Kiingereza kifupi, “Thank you,” akashangaa kwamba kilitosha.

Nje, Mzee Masika alimshika mkono mkwewe.

“Hili neno alilokuwa akilianzia mtoto, akodingi, maana yake n'ni?”

Ridha akafikiri. Alikuwa amelisema umri mzima na hakuwahi kuulizwa.

“Maana yake, baba, maneno haya si yangu, yana mwenyewe.”

“Basi na huyo mwenyewe apewe chai,” alisema Mzee Masika, “maana amesimama sana.”

Ridha akawaongoza wakwe zake kwenye kibanda cha pembeni, akaagiza chai na mandazi, kwa Kiswahili, na akakaa chini kuwasikiliza.